Amri Isiyo na Msikilizaji: Kuwasha Kompyuta ya Zamani Bila Kibodi wala Skrini

Kompyuta za zamani zina ujumbe mmoja uliozoeleka kuchekwa: mashine hutangaza kwamba kibodi haipo, kisha huamuru kitufe cha F1 kibonyezwe ili kazi iendelee. Kimantiki, amri hiyo inakanusha sharti la utekelezaji wake yenyewe. Makala hii inaeleza asili ya mkanganyiko huo na namna ya kuuepuka.

Katika IBM PC/AT ya mwaka 1984, na katika kompyuta zilizoiga muundo wake, umeme unapoingia, programu ya msingi iliyomo katika kumbukumbu ya kudumu hukagua viungo vya mashine kimoja baada ya kingine. Kibodi isipojibu, namba 301 huandikwa na mashine husimama. Waundaji walichukulia kwamba mbele ya kompyuta ameketi mtu, na kwamba yamkini waya umechomoka tu. Mtu huyo ataurudisha, kisha atabonyeza F1. (Hata hivyo, kuchomeka kibodi ya aina hiyo umeme ukiwa umewaka kwaweza kuunguza saketi.) Dhana hiyo ilivunjika pale mashine hizo zilipofanywa seva na kufungiwa kabatini. Umeme ukikatika usiku na kurudi, seva hubaki ikimngoja mtu asiyekuwepo, na wote wanaoitegemea hungoja pamoja nayo.

Kwa upande wa skrini tatizo ni dogo, kwani kinachokaguliwa ni kadi ya picha, wala si skrini yenyewe.

Programu za msingi za baadaye, kama zile za Award, zilimruhusu mtumiaji kuchagua kasoro zipi zisimamishe mashine, na kibodi ikaweza kusamehewa. Lakini uteuzi huo hutunzwa kwa nguvu ya betri ndogo. Betri ikifa, uteuzi hupotea na ujumbe ule ule hurejea. Kwa mashine kuukuu, basi, betri ndiyo ya kutazamwa kwanza.

SPARCstation ya kampuni ya Sun, iliyotolewa mwaka 1989, ilifuata njia ya busara zaidi: kibodi isipokuwepo, mazungumzo huhamishiwa kwenye mlango wa siria, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ambako kompyuta nyingine yaweza kuunganishwa. Hapo kutokuwepo kwa kibodi si kosa, bali ni taarifa kwamba msikilizaji yuko kwingine. Linux toleo la 2.2, la mwaka 1999, nayo ilikuja na uwezo wa kuzungumza kupitia mlango huo katika kompyuta za aina ya IBM, ila huanza kusema baada tu ya ukaguzi wa awali kwisha. Mashine iliyokwama ikingoja F1 haifiki huko.