Nani Mwenye Nyumba Ndani ya Kinundu?

Mtajie mtu wa Mwanza neno mwaloni, atawaza samaki na dagaa wa Kirumba. Msomaji wa Biblia atakumbuka mialoni ya Mamre, alikopiga hema Ibrahimu. Mwaloni wa makala haya ni huo wa pili, yaani mti, na hasa mwaloni mmoja mkubwa ulio nje ya baa ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Texas. Baa hiyo inaitwa Valhalla. Watu wamekaa chini ya kivuli cha mti huo na bia zao bila kujua kwamba juu ya vichwa vyao anaishi mdudu ambaye sayansi haikuwa na jina lake.

Vielelezo vya kwanza vya mdudu huyo vilikusanywa kwenye matawi ya mti huo mwaka 2018. Jina lilikuja kuchapishwa mwaka 2022: Neuroterus valhalla. Ni nyigu, ingawa ukisikia nyigu usikimbie. Huyu ana urefu wa milimita moja hivi. Mweke kando ya punje ya ulezi uone kama utamtambua. Kuuma watu si kazi yake.

Mtu ana haki ya kuuliza: kidudu kidogo hivi, kumpa jina kunachukuaje miaka minne?

Jibu linaanzia kwenye kinundu. Nyigu jike wa jamii hii hutoboa mti na kutaga yai ndani ya ua, jani au kitawi. Buu anapoanguliwa, mti hugeuza mwenendo wake mahali pale: chembe zake huvimba na kumzunguka mgeni, zikimpa chakula na ukuta kwa pamoja. Uvimbe huo ndio kinundu. Ujenzi ni wa mti, ramani ni ya nyigu. Na kila spishi ina ramani yake. Nyingine huufanya mwaloni utoe mpira wa ukubwa wa ndimu, nyingine hujificha ndani ya kitawi na kwa nje huoni kitu.

Sasa chukua vinundu hivyo, vitie kwenye chupa, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, usubiri. Baada ya majuma au miezi vinaanza kutoka vidudu, na hapo ndipo kichwa kinapouma. Kuna nyigu aliyejenga. Kuna wapangaji, nyigu wengine wasioweza kujenga, ambao hutaga ndani ya nyumba ya mwenzao na mabuu yao kula kuta. Kuna waliokuja kumla mjenzi, na wengine waliokuja kumla huyo mlaji. Wote ni wadogo na wote wametoka mlango mmoja. Mwenye nyumba ni nani? Mtafiti asipokuwa mwangalifu, anamwandika mwizi kwenye hati ya nyumba.

Maabara ya Scott Egan pale Rice, ndiyo iliyomtangaza mdudu wa Valhalla, ilishakutana na mwizi wa aina yake. Mwaka 2017 Egan na wenzake walimtangaza Euderus set, nyigu wa rangi inayometameta, aliyepatikana kwenye mialoni ya Florida. Jirani yake, nyigu mjenzi Bassettia pallida, hukulia ndani ya kitawi, na akikomaa hutafuna tundu la duara kwenye gome na kutoka zake. Euderus akishamwingilia, Bassettia hutoboa tundu dogo kuliko kawaida, kisha kichwa chake hunasa humo kama kizibo. Euderus humla kutoka ndani, halafu hutoka kwa kulitoboa fuvu lile. Jina Set ni la mungu wa Misri ya kale aliyemfungia nduguye Osiris ndani ya jeneza. Watafiti walijaribu kufunika vichwa hivyo kwa kipande cha gome. Euderus waliozibiwa hivyo walikuwa na uwezekano wa kufia ndani mara tatu hivi zaidi ya wengine. Inaelekea kutoboa gome kunamshinda, ndiyo maana anataka wa kumtobolea. Mwaka 2019 ikaonekana pia kwamba hachagui: anawashambulia angalau wajenzi wa spishi 6 nyingine.

Turudi kwa nyigu wa Valhalla, maana kuna fumbo la pili, na kwangu ndilo tamu zaidi. Nyigu wengi wa mialoni wana vizazi viwili kwa mwaka visivyofanana. Kizazi kimoja kina madume na majike. Kingine ni majike watupu, wanaozaa bila dume. Vinundu vyao hutofautiana, miili pia. Ni kama mtoto anamruka mama na kufanana na bibi. Zamani wataalamu walivipa vizazi hivyo majina mawili, wakidhani ni spishi mbili, na hadi leo makosa hayo yanaendelea kusahihishwa.

Neuroterus valhalla wa kizazi kimoja hukua ndani ya mashada ya maua, na kwa wiki chache tu ameshatoka. Huyo naye hutaga kwenye viungo vya matawi, na mtoto wake hukaa humo takriban miezi 11, akingoja mti uchanue tena. Kuwajua hawa ni familia moja kulihitaji kumfuata mdudu mtini, kisha kulinganisha vinasaba. Watafiti walimtangaza mdudu wao pamoja na jenomu yake.

Usidhani haya ni ya Texas tu. Mwaka 2002, magharibi mwa Kenya na nchini Uganda, majani machanga ya mikaratusi yalianza kujaa vinundu, na miche kudumaa. Mkosaji alikuwa nyigu kutoka Australia, wa ukoo mmoja na Euderus. Wakati huo hakuwa na jina la kisayansi. Alilipata mwaka 2004, Leptocybe invasa, na kufikia 2005 alishaonekana Tanzania.

Basi ukiona vinundu kwenye jani usilolijua, kata kitawi chote, kitie kwenye chupa yenye kitambaa mdomoni, uandike tarehe, mahali na jina la mti. Jina la mti usilisahau: bila hilo, hata mtaalamu wa makumbusho atahangaika kukwambia aliyetoka ni nani.