UNENE SI ULAFI TU: TAZAMA KINACHOTOKA SHAMBANI NA KINACHORUDI

Wakulima, mtu akinenepa kupita kiasi, wengine humsifu, "Shamba limemkubali." Wengine humcheka, "Huyo ni mlafi." Hao wote wamekosea. Unene uliozidi huleta ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, na dawa zake za kila mwezi zaweza kumaliza fedha za maziwa.

Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya wenye miaka 20 hadi 49, 45 walikuwa na uzito uliozidi. Tena katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, 18 walikuwa wamedumaa. Mambo hayo mawili yaweza kukaa katika nyumba moja. Kwa nini?

Kwanza, kazi imebadilika. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mkulima alikwenda sokoni kwa miguu, na maji yaliletwa kwa mgongo. Siku hizi wengi hupanda pikipiki, lakini ugali ni ule ule.

Pili, kuna urithi. Wengine huzaliwa na miili inayonenepa upesi. Ziko pia dawa zinazoongeza uzito, na kukosa usingizi huzidisha njaa.

Tatu, ni biashara ya shamba lenyewe. Maziwa, mayai na maharagwe huuzwa, maana karo haingoji. Fedha zinazobaki hununua vitu vya kushibisha kwa bei nafuu: sukari, mafuta ya kupikia, mandazi na unga mweupe uliokobolewa. Hivyo hunenepesha mama, lakini havimjengi mtoto.

Fikiri habari ya chai. Vikombe 4 kwa siku, kila kimoja vijiko 3 vya sukari, ni vijiko 12, yaani karibu gramu 50. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima asifikie kiasi hicho kwa siku nzima, na hapo hujanywa soda.

Basi yafaa kufanya nini? Daftari ya maziwa unayo. Kwa mwezi mmoja andika pia kilo za sukari na lita za mafuta zilizotoka dukani. Bwana na bibi waisome pamoja, maana mama hawezi kubadili chakula ikiwa fedha zote zimo mfukoni mwa bwana. Tengeni maziwa na mayai ya nyumbani kabla ya kuuza. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki, managu au mchicha. Punguzeni sukari kijiko kimoja kimoja, nyumba nzima, wala si yule mnene peke yake.

Mwanamke ambaye kiuno chake kimepita sentimita 80, au mwanamume aliyepita 94, aende kituo cha afya apimwe shinikizo la damu na sukari. Asingoje mpaka augue.