Jubilee: Mafuta Yaliyo Chini ya Kina cha Mita Elfu

Mafuta yaliyogunduliwa mwezi Juni 2007 katika kisima cha Mahogany-1, kiasi cha kilomita 60 kutoka pwani ya magharibi ya Ghana, hayakuwa ziwa jeusi lililojificha chini ya bahari likingoja kuvutwa kwa pampu, kama wengi wanavyodhani, bali yalikuwa yamejaa ndani ya vitundu vidogo vya jiwe la mchanga, yaani mchanga ulioporomoka kwenye miteremko ya bara takriban miaka milioni 90 iliyopita, ukafukiwa na kushindiliwa hadi ukawa mwamba. Mwamba huo uko zaidi ya mita 3,000 chini ya usawa wa bahari, na katika kina hicho mita 1,100 au zaidi ni maji matupu.

Maji hayo ndiyo yanayotofautisha kazi hii na uchimbaji wa nchi kavu. Mpiga mbizi wa kazi za mafuta, hata anapovuta mchanganyiko maalumu wa gesi, hufikia mita 300 hivi, ilhali katika mita 1,100 kila sentimita ya mraba hubeba uzito wa kilo 110 na baridi hukaribia ile ya ndani ya jokofu. Kwa hiyo hakuna nati inayokazwa kwa mkono wa mtu. Kila kitu hushushwa kwa nyaya kutoka melini na kuunganishwa na roboti inayoongozwa na fundi aliyeketi mbele ya skrini.

Kabla ya ufundi kulikuwa na suala la mipaka. Mahogany-1 ilichorongwa na kampuni ya Kosmos katika kitalu cha West Cape Three Points, na mwezi Agosti mwaka uleule kampuni ya Tullow ikayakuta mafuta hayohayo katika kisima cha Hyedua-1, ndani ya kitalu jirani cha Deepwater Tano, kwa kuwa mwamba haukufuata mistari iliyochorwa kwenye ramani. Katika hali kama hiyo kila mwenye kitalu hushawishika kuvuta upesi kuliko mwenzake, mfano wa watu wanaokula sinia moja ambapo mwenye tonge dogo hulala na njaa, na mwamba unaovutwa kwa pupa hupoteza shinikizo na kuacha mafuta mengi chini. Sehemu za vitalu hivyo viwili zenye mafuta hayo zikakubaliwa kuendelezwa kama eneo moja, Jubilee, chini ya msimamizi mmoja, Tullow.

Mafuta ya kwanza yalitoka tarehe 28 Novemba 2010, na mwezi uliofuata Rais John Atta Mills akafungua vali rasmi. Miaka mitatu na nusu ni muda mfupi mno kwa kazi ya namna hii, na ulipatikana kwa sababu wahusika hawakusubiri kuufahamu mwamba wote, bali walianza na awamu ya visima 17, na badala ya kujenga jukwaa jipya walichukua meli ya kubebea mafuta na kuigeuza kuwa kiwanda kinachoelea. Meli hiyo, iliyoundwa upya nchini Singapore na kupewa jina la Kwame Nkrumah, ina urefu wa mita 330 hivi, inaweza kusafisha mapipa 120,000 kwa siku, na huhifadhi mapipa milioni 1.6 hadi meli nyingine ije kuyapakia. Kusafisha hapa si kutengeneza petroli, bali ni kutenganisha vitu vitatu vinavyopanda pamoja kutoka kisimani, yaani mafuta ghafi, gesi na maji.

Katika visima 17 hivyo, tisa tu vilikuwa vya kutoa mafuta. Sita vilikuwa vya kusukuma maji mwambani na viwili vya kurudisha gesi, ili shinikizo lisianguke. Juu ya kila kisima, kwenye sakafu ya bahari, hukaa chuma kikubwa chenye vali nyingi ambacho wachorongaji hukiita mti wa Krismasi, na kutoka hapo mabomba hutambaa sakafuni kisha hupanda hadi melini. Adui mkubwa wa mabomba hayo ni haidreti, donge jeupe linalofanana na barafu, ambalo gesi na maji hulifanya vinapokutana katika baridi na shinikizo kubwa, na ambalo linaweza kuziba bomba kabisa. Mafuta yanapotiririka hubaki na joto la ardhini na haidreti haipati nafasi. Hatari huja uzalishaji unaposimama na bomba kupoa, ndiyo maana mabomba huvikwa tabaka za kuzuia joto lisipotee na kemikali kuwekwa tayari. Kwa mafundi wa kina kirefu, kusimama kunahitaji maandalizi zaidi kuliko kwenda.

Haraka ile ya kuanza kabla ya kuufahamu mwamba wote ilikuwa ya busara kwa hesabu ya fedha, lakini haikukosa gharama. Mwaka 2011 uzalishaji ulibaki mbali na mapipa 120,000 yaliyotarajiwa, kwa sababu njia za mafuta kuingia visimani zilikuwa zikiziba, na ilibidi visima kadhaa vitiwe asidi kuzifungua. Wastani wa mwaka haukuvuka mapipa 100,000 kwa siku hadi 2014.

Kisha likaja jambo la beringi. Meli ya Kwame Nkrumah ilifungwa baharini kupitia mnara wa chuma uliotokeza kwenye omo yake, wenye minyororo ya nanga na mabomba yote ya chini, na meli ilizunguka kuuzunguka mnara huo kwa kufuata upepo na mkondo, kama ng'ombe aliyefungwa kigingini. Mwezi Februari 2016 iligundulika kwamba beringi kubwa iliyowezesha mzunguko huo imeharibika. Kuipeleka meli gatini kungemaanisha kukata kila bomba linaloning'inia kilomita moja chini, kwa hiyo iliachwa palepale, uzalishaji ulisitishwa kwa wiki kadhaa, boti za kukokota zikaishikilia meli isizunguke, na baada ya kuongezewa nanga nyuma, mwishoni mwa 2018 iligeuzwa kuelekea upande mmoja na imekaa hivyo hadi leo, ikipigwa na mawimbi yanayotoka kusini-magharibi.