Majani ya kahawa: kunywa unaweza, lakini si dawa

Ndugu msomaji, kama umetoka Kivu, Kayanza au Ngozi, hakuna haja ya kukueleza mti wa kahawa ulivyo. Umeupalilia, umeupogoa, umechuma matunda yake mekundu na kuyabeba kichwani hadi kituo cha kuoshea kahawa. Majani yake uliyaacha yaanguke yawe mbolea. Siku hizi hapa kambini majani hayo yanazungumzwa sana. Kuna wanaoyachemsha badala ya chai ya dukani, na kuna wanaosema yanatibu kisukari, presha, hata malaria. Je, ni kweli?

Kwanza ujue kwamba kunywa majani ya kahawa si jambo geni. Nchini Ethiopia, ambako kahawa ya arabika ina asili yake, watu wa Harar hukausha majani, huyakaanga kidogo, kisha huyachemsha na kutia chumvi au sukari, na wengine huongeza maziwa. Wanakiita kinywaji hicho kuti. Kusini-magharibi mwa nchi hiyohiyo majani hutwangwa pamoja na pilipili, tangawizi na viungo vingine. Hicho huitwa chemo, na ukikionja hutafikiri kabisa kwamba ni chai.

Mbali zaidi, katika kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, majani hukaushwa juu ya moto na kuchemshwa, kisha kinywaji hunywewa katika kifuu cha nazi. Wenyeji husimulia kwamba mazoea hayo yalishika nguvu baada ya mwaka 1847, Waholanzi walipowalazimisha wakulima kupanda kahawa na kuwauzia wao punde zote. Mkulima akabaki na majani. Wazee wetu waliolimishwa kahawa wakati wa Wabelgiji wataielewa habari hiyo bila mkalimani.

Sasa wataalamu wamegundua nini? Majani ya kahawa yana kafeini, ile inayokuondolea usingizi, ingawa kwa kawaida ni kidogo kuliko ile ya punje. Majani machanga yana kafeini nyingi kuliko yaliyokomaa. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa na Uingereza, akiwamo Aaron Davis wa bustani ya mimea ya Kew, London, walitangaza matokeo ya kupima majani ya aina 23 za kahawa za Afrika. Katika baadhi yake, arabika ikiwamo, walikuta manjiferini, kemikali iliyopewa jina la mwembe kwa kuwa imo pia katika majani na magome ya mwembe. Katika maabara, manjiferini imeonekana kupunguza uvimbe na kushusha sukari katika damu ya panya.

Hapo ndipo uvumi ulipoanzia. Panya wa maabara hupewa kemikali iliyochujwa na kupimwa, kwa kipimo kikubwa. Wewe unakunywa kikombe. Jambo lililofaa kwa panya halijawa tiba ya mtu mpaka lijaribiwe kwa watu wengi wagonjwa, na chai ya majani ya kahawa haijathibitishwa hivyo kwa ugonjwa wowote. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliruhusu kinywaji hiki kiuzwe huko, lakini kama chakula, siyo dawa.

Lipo jambo jingine linalotugusa zaidi sisi wa hapa, nalo ni damu. Akina mama wengi na watoto wadogo kambini wana upungufu wa damu. Chakula chetu ni unga, maharage na mboga, na madini ya chuma yaliyomo katika vyakula hivyo huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Chai na kahawa huyashika madini hayo tumboni yasifike kwenye damu, na majani ya kahawa yana kemikali za jamii hiyohiyo. Utafiti wa mwaka 1983 ulionyesha kwamba kahawa iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza chuma kilichoingia mwilini kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikudhuru. Lakini iliyonywewa saa moja baada ya kula ilizuia chuma sawasawa na ile iliyonywewa na chakula. Wengi wetu hufanya hivyo hasa: tunakula, tunapumzika, halafu birika.

Kwa hiyo, kunywa saa moja kabla ya mlo, au subiri saa mbili baada yake. Mama mjamzito asimeze vidonge vya kuongeza damu kwa chai ya aina yoyote; maji safi yanatosha. Shirika la Afya Duniani linamshauri mjamzito anayetumia kafeini zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, na kikombe kimoja cha kahawa kinaweza kuwa na karibu miligramu 100. Mtoto chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake. Watoto wadogo waliozidi umri huo pia usiwape kinywaji hiki.

Majani umeyatoa wapi? Mashamba mengi ya kahawa hupuliziwa dawa za wadudu na za kutu ya majani, na kuosha kwa maji hakuondoi sumu yote. Usichume shamba usilolijua. Tena mti uliokwanyuliwa majani hauzai vizuri, na mwenye shamba ni jirani yetu. Mwombe matawi anayoyapogoa na umuulize alipulizia lini na dawa gani. Ukishapata majani salama, yaoshe, yakaushe kivulini, na usizidishe gramu 20 za majani makavu kwa lita 1 ya maji yanayochemka.

Homa ikimshika mtoto, mpeleke kituo cha afya akapimwe malaria kabla saa 24 hazijapita. Mwenye kisukari au presha asiache vidonge vyake. Ukienda kliniki, mwambie mhudumu kwamba unakunywa majani haya na ni vikombe vingapi kwa siku. Hatakugombeza.