Biashara ndogo: tangazo la karatasi linaweza kufika mulangoni hata bila posta

Wiki chache mbele ya masomo kufunguliwa mwezi wa 9, kila mushonaji nguo wa Bukavu, Butembo ao Bunia anajua kwamba huu ndio wakati wake. Wazazi wanatafuta shemizi nyeupe pamoja na jipu ao suruali ya bulu. Lakini muzazi anaweza kupita avenyi tano kwenda sokoni, kumbe nyuma ya nyumba yake kuna mutu mwenye mashini ya kushona. Mushonaji huyo hakukosa ufundi. Amekosa kujulikana.

Wengi wanaweka picha kwenye WhatsApp. Ni vizuri, lakini picha hiyo inaonwa tu na wale wenye namba yako, tena siku wako na mega. Tangazo la redio linafika mbali, hata kwa watu ambao hawatapita kwenye avenyi yako hata siku moja. Iko njia ya tatu, ya zamani: kupelekea muteja karatasi mupaka kwake.

Njia hiyo imejenga biashara kubwa. Mwaka 1872, huko Chicago, Marekani, Aaron Montgomery Ward alianza na karatasi moja tu yenye bei za vitu 163, akaitumia wakulima wa vijijini. Hawakumujua. Alipitia kwa shirika lao la wakulima, na mwaka 1875 akaahidi kurudisha feza kwa mutu yeyote ambaye hatafurahia kitu alichonunua. Hata leo posta ya Marekani inaruhusu mufanyabiashara mudogo kuchagua mitaa, kisha mutu wa posta anaacha tangazo kwenye kila nyumba bila kuandika jina la mutu.

Posta yetu ni mikono

Kwetu hakuna mutu wa posta anayezunguka kwenye avenyi, na nyumba nyingi hazina namba. Tunaelekezana kwa kanisa, bomba ya maji ao muti mukubwa. Basi, karatasi inapashwa kupelekwa kwa mukono, na mutu ambaye watu wa pale wanamufahamu.

Jambo hilo si dogo. Mashariki mwa Kongo, karatasi inayookotwa asubuhi mbele ya mulango inaogopesha, sababu watu wameona trakti za vitisho. Kwa hiyo pitia kwanza kwa shefu wa avenyi ao wa nyumba kumi, umuonyeshe karatasi yenyewe. Itoe muchana, kwa salamu, mukononi mwa mutu. Usiisukume chini ya mulango uliofungwa. Andika wazi jina la kazi yako, namba ya simu na mahali unapofanyia.

Karatasi iseme jambo moja: unashona nini, kwa bei gani, na mutu alete kitambaa mbele ya tarehe gani. Ukurasa mumoja wa A4 unatoa vikaratasi vinne. Fotokopi nyeusi inatosha.

Anza na daftari

Mushonaji tayari ana orodha ya anwani zake: ni daftari ya vipimo. Mutoto aliyepimwa mwaka jana ameongezeka urefu, na suruali yake sasa imefupika. Muzazi wake ndiye wa kwanza kupata karatasi, tena yenye jina la mutoto limeandikwa kwa mukono. Kisha nenda kwa majirani zake.

Hesabu pia. Andika herufi A kwenye vikaratasi vya avenyi moja, B kwenye vya ingine, na umuambie muteja arudishe karatasi ili ashonewe vifungo bure. Tuchukue mufano: umetumia franka 20 000 kwa fotokopi na kwa kijana aliyezisambaza, na kila nguo inakuachia faida ya franka 5 000. Wateja wane wanarudisha feza yako. Wa tano ndiye anaanza kukuletea faida. Kama A imeleta wateja nane na B mumoja, unajua pa kurudia.

Lakini mbele ya kuchapa, jiulize mashini yako inaweza kumaliza nguo ngapi kwa wiki. Mwenye kuweza kushona nguo 30 asisambaze vikaratasi 500. Karatasi yenye tarehe ni ahadi iliyoandikwa, na inabaki ndani ya nyumba ya muteja. Siku ya kufungua masomo, mutoto asiyekuwa na shemizi ataonekana na avenyi nzima, na wote watajua ni nani aliyeahidi.