Mafuta ya Kazi na Kodi ya Mshahara: Haki ya Mwajiriwa Anayesafiri kwa Gari Lake



Katika nyumba nyingi za waajiriwa kuna fedha inayotoka kimya kimya kila mwezi wala haiandikwi popote. Mume au mke hutumwa na mwajiri wake mbali na kituo chake cha kazi, akatia mafuta katika gari lake mwenyewe, na tairi likipasuka akanunua jingine kwa fedha yake. Mwisho wa mwezi karo ya watoto haitoshi, na wanandoa hutazamana kwa maswali. Mwajiri akiulizwa, hujibu kwamba posho ya safari imelipwa. Huenda ni kweli. Lakini kwa namna ilivyoandikwa katika hati ya mshahara, posho hiyo imekatwa kodi kana kwamba ni mapato, ilhali ni gharama iliyorudishwa kwa mwenyewe.

Tumechagua mfano wa mbali na pwani yetu, mahali ambapo safari ya kazi si jambo dogo. Biliqo ni kijiji cha wafugaji wa Kiborana, ndugu zetu katika Uislamu, kilichoko Merti katika Kaunti ya Isiolo, ukanda wa mto Ewaso Nyiro. Barabara za huko ni za vumbi na mchanga, na mvua ikinyesha hugeuka tope. Ofisi za kaunti ndogo ziko Merti, na za kaunti ziko Isiolo mjini. Msomaji wetu anayetumwa kutoka Malindi kwenda vijiji vya ndani vya Magarini ataitambua hali hiyo, na sheria inayomhusu ni hiyo hiyo moja.

Tuseme basi kuna mwalimu msimamizi, ameajiriwa na taasisi binafsi ya elimu, kituo chake kikiwa Merti. Mshahara wake ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na mara kadhaa hutumwa Biliqo kukagua madarasa kwa gari lake. Taasisi humwongezea shilingi 6,000 kila mwezi, asafiri au asisafiri, na kuziita posho ya usafiri.

Kwa sheria ya Kenya, fedha ya namna hiyo ni sehemu ya mshahara. Hukatwa asilimia 2.75 ya Bima ya Afya ya Jamii, yaani shilingi 165, na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba za bei nafuu, yaani shilingi 90. Zinazobaki, shilingi 5,745, hukatwa kodi ya mapato. Kwa kuwa mshahara wake umekwisha kuvuka ngazi za chini, ambazo hufikia shilingi 32,333 kwa mwezi, kiwango kinachomhusu ni asilimia 30, nacho ni shilingi 1,723.50. Tukiacha kando mchango wa NSSF, katika shilingi 6,000 za mafuta zimeondoka shilingi 1,978.50. Kwa mwaka mzima ni shilingi 23,742, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa faida yake.

Sasa tutazame njia ya pili. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka wazi kwamba fedha anayorudishiwa mwajiriwa kwa safari ya kikazi haihesabiwi kuwa mapato yake, maadamu imekadiriwa kwa kiwango cha kilomita kilichoidhinishwa na chama cha wenye magari, AA Kenya. Viwango hivyo hutofautiana kwa ukubwa wa injini. Mwalimu wetu akiandika kilomita zake, zikazidishwa kwa kiwango cha gari lake, na jumla ikawa shilingi 6,000 zile zile, atazipokea zote bila kukatwa kodi. Gari halikubadilika wala njia haikufupika. Kilichobadilika ni hesabu na maandishi.

Hapa yapo mambo matatu yanayowachanganya wengi, nasi tungependa yafahamike vyema.

La kwanza, safari ya kutoka nyumbani kwenda kituo cha kazi na kurudi si safari ya kikazi, hata ikiwa ndefu. Mwalimu anayelala Isiolo mjini na kufanya kazi Merti hawezi kuidai njia hiyo. Anachoweza kudai ni safari anayotumwa kutoka kituoni, kama ile ya Biliqo.

La pili, posho ya kujikimu ni jambo jingine. Hii ni fedha ya chakula na malazi kwa siku anazokuwa nje ya kituo chake kwa kazi rasmi. Kwa miaka mingi kiasi kisichotozwa kodi kilikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Tangu tarehe 1 Julai 2025 kimekuwa shilingi 10,000. Posho hii isichanganywe na hesabu ya kilomita katika mstari mmoja.

La tatu, dai hili hupelekwa kwa mwajiri, wala si kwa KRA. Wenye jamaa Uingereza huenda wamesikia kwamba huko mwajiriwa aliyelipwa chini ya kiwango cha serikali, ambacho kwa gari kimekuwa kwa miaka mingi peni 45 kwa kila maili katika maili 10,000 za mwanzo, huweza kuiomba idara ya kodi nafuu juu ya tofauti hiyo. Kwetu sivyo. Mwajiriwa wa Kenya anapojaza ritani yake kabla ya tarehe 30 Juni, hufuata fomu ya P9 aliyopewa na mwajiri, na ritani hiyo haina mahali pa kudai mafuta aliyoyanunua kwa fedha yake. Ikiwa fedha imeandikwa katika P9 kuwa mshahara, itatozwa kodi kama mshahara. Kwa hiyo mlango wa kubisha ni ofisi ya mhasibu, na wakati wa kubisha ni kabla ya mwezi kufungwa.

Mwajiriwa na aweke daftari ndani ya gari. Kwa kila safari aandike tarehe, alikotoka, alikokwenda, kazi iliyompeleka, na namba ya kilomita katika mita ya gari wakati wa kuondoka na wa kurudi. Kisha aliyemtuma atie sahihi. Risiti za mafuta zihifadhiwe pamoja nalo. Kumbukumbu za kodi hutakiwa kutunzwa kwa miaka 5, basi daftari lisitupwe likijaa. Sisi Waislamu hatupaswi kuliona hili kuwa zito, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu chetu, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni kwa uadilifu.

Uadilifu huo una pande mbili. Mwajiriwa asiongeze kilomita asizokwenda, wala asiitie safari ya harusi katika hesabu ya kazi. Hiyo ni khiyana, na fedha yake haina baraka. Mwajiri naye, hata akiwa ni msimamizi wa madrasa au wa taasisi ya hisani, asitumie gari la mtu kwa kisingizio cha thawabu kisha akamwachia mzigo wa mafuta. Nia njema haimwondolei deni.

Kwenu kina mama, ambao aghalabu ndio washika hesabu za nyumba, na wengi wenu ni waajiriwa pia: mwezi huu ifungueni hati ya mshahara, yenu au ya waume zenu, mtazame fedha ya safari imeandikwa kwa jina gani na kama imekatwa. Ikiwa imekatwa, mhasibu aulizwe kwa upole kama malipo yanaweza kufanywa kwa kilomita kuanzia mwezi ujao. Allah atujaalie riziki ya halali na atuepushe na dhulma, ya kuitenda na ya kutendewa. Amin.