Vumbi la rangi linalofika hadi kwenye karai la mtoto

KIJANA mmoja aliingia katika kliniki yangu hapa Landless, Thika, akiwa ameshika tumbo. Lilikuwa limemsokota kwa majuma matatu, choo kigumu, mwili mchovu. Nilimpa dawa za vidonda vya tumbo.

Alirudi baada ya siku kumi, hali imezidi. Ndipo nikamwuliza swali ambalo ningelimwuliza siku ya kwanza: "Unafanya kazi gani?"

"Nakwangua mashua Mombasa, daktari. Nimekuja nyumbani kupumzika."

Wenye vyombo vya baharini wanaijua kazi hii. Majani na viumbe vyenye magamba makali huganda chini ya chombo, kikawa kizito na kula mafuta mengi. Basi hupandishwa nchi kavu, kikakwanguliwa na kupakwa upya. Mabaharia wa zamani walingoja maji ya bamvua, kisha yakitoka wakakipaka chombo deheni, yaani mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na chokaa. Siku hizi wengi hutumia rangi za viwandani.

Sumu ya makusudi

Rangi ya chini ya chombo hutiwa sumu, mara nyingi shaba, ili viumbe visishike. Aina nyingine, yenye bati, iliharibu viumbe vya baharini hadi mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka wa 2008 ukaipiga marufuku. Matabaka ya zamani, hasa kwenye chuma, huweza kuwa na madini ya risasi. Ukipiga msasa mkavu, vumbi huingia mapafuni, kisha damuni. Risasi huleta msokoto wa tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu na shinikizo la damu.

Kipimo cha damu ya kijana huyo kilionyesha risasi. Nilishtuka zaidi aliponiambia kwamba mkewe hufua nguo zake za kazi katika karai moja na za mtoto. Kwa mtoto mdogo risasi huathiri ubongo, na madhara hayo huenda yasiondoke maishani. Nilimhimiza mtoto apimwe bila kuchelewa.

Maziwa si dawa

Hata hapa Landless, vijana wanaokwangua na kupaka rangi matatu hunywa pakiti ya maziwa jioni "kusafisha kifua". Msomaji, maziwa huenda tumboni. Vumbi limeshaingia mapafuni. Fanya hivi:

• Lowesha rangi kwa maji kabla ya kupiga msasa.

• Vaa barakoa maalum ya vumbi, si leso. Unapopuliza rangi, tumia yenye vichujio vya mvuke.

• Usile wala kuvuta sigara kazini. Nawa mikono na uso kwa sabuni.

• Badilisha nguo kabla ya kwenda nyumbani, na zifuliwe peke yake.

• Usimwage mabaki ufuoni wala mtoni.

Mwajiri naye akumbuke kwamba sheria ya usalama kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka awape wafanyakazi mavazi ya kujikinga.

Kijana aliacha kukwangua, na baada ya miezi kadhaa tumbo lilitulia. Nawe ukienda kwa daktari, mweleze kazi yako hata kama hakukuuliza. Mimi sikuuliza, na mgonjwa wangu alipoteza siku kumi.